Hodi ya Jirani

Mwalimu wa chekechea pale Zinga hasalimiwi akiwa wima. Huchuchumaa mlangoni, kanga kiunoni, awe uso kwa uso na kila mtoto, apokee shikamoo yake, amfute kamasi, ndipo aitikie marahaba. Vidole vyake havikosi vumbi la chaki. Sauti yake ni ya chini, ila kwa jambo moja huwa mkali: kwa mtu hakuingiwi bila hodi, na hodi ya mwenzio usiiache bila jibu, maana atasimama nje moyo ukimuuma.

Siku moja watoto walikuwa uani wakicheza mchezo wa baba na mama, kila mmoja na chumba chake kilichochorwa kwa kijiti mchangani. Sabiha, ambaye kwao wamepanga nyumba moja na mwalimu, mlango kwa mlango, na kila jioni humwona akipika, alitangaza kuwa yeye ndiye mwalimu. Akaketi peke yake, akawa anasonga ugali wa mchanga kwenye kifuu. Kila hodi ilipopigwa chumba cha mwenzake, aliacha kusonga, akanyanyua uso, akasikiliza, kisha akainama tena. Wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alikwenda akachuchumaa nje ya ule mstari, akasema taratibu, "Hodi hapa."

Sabiha akanyanyua uso, akasikiliza, akainama.

"Si kwangu hiyo," alisema, akiendelea kusonga. "Ni kwa jirani."