Treni ya Kwenye Kasha la Miwani

Fundi saa wa chama chetu cha treni za mfano hubana pumzi kila anapopanga mabehewa yake, maana ni madogo kama maharage na chafya moja huyaangusha yote. Huyabeba kwenye kasha la miwani. Kipimo hicho kipya cha treni ndogo mno tulikicheka, nami nilicheka, sikatai, mwenyekiti akiongoza: "Mzee mwenzangu, hayo ni makombo, si treni!" Yeye aliguna tu, kibano mkononi. Jumamosi akatandika reli kwenye sinia la chai, akabonyeza swichi. Treni ikazunguka mara tatu bila kuyumba. Chumba kizima kikabana pumzi. Mwenyekiti, magoti sakafuni, akanong'ona kwa ukali: "Nani kawasha feni? Zimeni, mtaiangusha treni yetu!"