Picha ya Tanzia ya Bibi

Bibi yangu mzaa mama hakuogopa kufa. Alichoogopa ni picha. Dada yake alipofariki, tangazo la tanzia lilizunguka kwenye grupu la ukoo na picha iliyokatwa kutoka kwenye harusi ya watu: macho mekundu, uso unang'aa mafuta, na begani mkono wa mtu asiyejulikana. Bibi aliitazama, akasonya. "Mimi mkinifanyia hivi, nawarudia usiku."

Basi akaniita nyumbani kwake, kijijini Mlali. Mimi ndiye mpiga picha wa ukoo. Nina kamera, nina flashi, na nina mdomo. Nilipompa shikamoo akajibu marahaba, kisha papo hapo, "Mume wangu, mbona umekonda? Funga mlango."

Alitaka tupigie ndani. Nikamwomba tutoke barazani, kuna mwanga mzuri wa bure. Wee! Jirani akimwona amejipamba kwa picha ya msiba wake mwenyewe, atasema anajichuria kifo, na kijiji kizima kitajua kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo tukabaki chumbani, dirisha dogo kama la banda la kuku, dari ya mbao imejaa masizi ya kuni.

Mara ya kwanza nilimlenga flashi usoni. Paji la uso likawa jeupe, shingo ikapotelea gizani, na ukutani nyuma yake kukasimama kivuli cheusi. "Huyu nani?" akauliza. Nikazima flashi, nikaiacha lenzi wazi kwa muda ivute mwanga; Bibi hawezi kutulia, akatoka na midomo miwili. Nikaigeuza flashi juu, mwanga ugonge dari urudi taratibu, kama tunavyofanya kwenye kumbi za mjini. Dari ile nyeusi ikaumeza mwanga wote. Jasho lilinitoka. Kwenye harusi za watu najidai fundi, halafu bibi yangu mwenyewe ananishinda!

"Una kitu cheupe, Bibi? Shuka, chochote kikubwa."

Akainama uvunguni, akavuta sanduku, akatoa kitambaa kipya, hakijawahi kufuliwa. Nilipokikunjua ndipo nikakijua. Sanda. Aliinunua mwenyewe zamani, kama wazee wengi wanavyofanya, asije akasumbua watu.

"Bibi, jamani!"

"Kwani ina kazi gani sasa hivi? Tundika."

Mungu anisamehe, niliitundika ile sanda kwenye kamba ya nguo, pembeni yake, nikaielekezea flashi. Mwanga ukarudi laini, ukaingia kwenye kila kunyanzi la uso wake. Nikapunguza nguvu kidogo, nikalenga jicho lililo karibu, nikamwambia anitukane. Akanitukana vizuri sana, na alipoanza kucheka nikabonyeza.

Alipoiona picha aliisogeza karibu na macho. Machozi yakamlengalenga. "Kumbe mimi mzuri hivi," akasema. Na mimi nililia, sitaki kudanganya. Halafu akapangusa uso na mtandio. "Watumie wanangu sasa hivi. Msibani watanisifia nini na mimi siwasikii?"

Nikaihamishia kwenye simu, nikaituma kwenye grupu la ukoo. Mtandao wa kule ni wa kubembeleza. Picha ilikwenda, maneno niliyoandika chini yake yakagoma. Nikasema potelea mbali, yatafika. Tukatoka barazani kula magimbi. Sikuwaza kwamba kwenye grupu letu picha ya mzee ikija peke yake, bila neno, watu wanaielewa namna moja tu.

Pikipiki zikaanza kufika. Mjomba mkubwa, anayeishi hapo mjini tu na hajakanyaga kwa mama yake tangu Idi iliyopita, aliruka pikipiki haijasimama, kiatu kimoja mguuni, analia kwa sauti, "Mamaa! Mamaa!" Nyuma yake mama mdogo, kanga kiunoni, anajishika kichwa.

Wakatukuta. Bibi alikuwa na gimbi mdomoni.

Mjomba, mtu mzima mwenye mvi, alipiga magoti kwenye vumbi, akaikumbatia miguu ya mama yake, akazidi kulia. Bibi alimwacha alie. Akatafuna taratibu, akameza, akawatazama mmoja mmoja.

"Kumbe njia mnaijua," akasema.