Mshale Uliokwenda Kulia

Nikivunja kopa la muhogo mkavu, lile vumbi jeupe linanuka chaki, nami narudi ubaoni. Mwalimu wa hesabu aliandika: saba kutoa x mbili ni kubwa kuliko kumi na tatu. Nikaondoa saba pande zote, nikagawa kwa hasi mbili, nikapata hasi tatu. Nikachora mstari wa namba, kiduara juu ya hasi tatu, na mshale kwenda kulia.

"Ukigawa kwa hasi, alama inageuka. Jana nilifundisha nini?"

"Jana sikuwepo, mwalimu. Ulinituma kuamia ndege kwenye mpunga wako."

Darasa likacheka. Akanichapa vidole mpaka chaki ikaanguka.

"Huyu akili kaziacha kwa ndege."

Baba alikuwa ameshaapa kwamba nikishindwa hesabu tena, shule basi. Mwalimu akamfuata mwenyewe kumwambia sifai. Habari ya mpunga wake hakuigusa. Aliyenitoa shule ni yeye, nasema wazi.

Wiki haijaisha, akapita barazani kwetu, akamuuliza baba kama sasa nina nafasi ya kushinda juu ya dungu shambani kwake, nifukuze ndege.

Baba akasema ninayo.