Aliyelala Mwamshe

Nakumbuka Jumamosi moja, saa nane za mchana, nilipomfunika mdogo wangu blanketi huku akifa. Sikujua kuwa anakufa. Nilidhani amelala, nikavuta pazia ili jua lisimpige usoni, kisha nikaenda jikoni kuchambua maharage.

Mwanangu, naanza na hilo kwa sababu sitaki usome mpaka chini ukitumaini kwamba Prosper atapona. Hakupona. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Utajiuliza mwanamke ambaye hajafika hata arobaini anapata wapi ujasiri wa kukuita mwanangu. Wazazi wetu walitufia katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma, mama akatangulia, baba akafuata, nami nikiwa na miaka kumi na mitatu. Niliacha shule darasa la tano nikabaki na Prosper, aliyekuwa na miaka minne, na Anita, aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni. Ukubwa ni jalala, wanasema, kila kitu hutupwa hapo. Aliyeanza kulea akiwa na umri huo amezeeka mapema, hata kama nywele zake bado hazijapata habari.

Kule kambini, chakula kilipokwisha kabla ya siku ya mgao, tulikuwa na dawa moja tu, usingizi. Mtoto aliyelala hasikii njaa. Kwa hiyo niliweka sheria kwamba aliyelala haamshwi, kwa jambo lolote. Wazee walikuwa na methali yake tayari: Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Niliipenda. Ilifanya ukatili wa njaa uonekane kama hekima.

Tuliposafirishwa kuja Texas tukapewa fleti katika mji wa Mesquite, karibu na Dallas, sheria ile tulikuja nayo. Hapa tena ikapata nguvu mpya. Mimi nilisafisha vyumba hotelini asubuhi, Anita alihudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa jioni, Prosper alipanga maboksi ghalani kwa zamu zisizotabirika. Mmoja akiingia, mwingine anatoka. Viatu tulivua mlangoni, simu tulizima sauti, na kijiko tulikiweka mezani kana kwamba ni yai. Nilijivunia nyumba ile. Wageni walisema, nyumba ya Dada ina heshima.

Jumamosi ile nilirudi kutoka kazini nikamkuta Prosper kwenye kochi, kidevu kifuani, anakoroma. Haukuwa ukoromaji wake wa kila siku. Ulikuwa na maji ndani yake, kama chungu kinachochemka kwa moto mdogo, halafu unakatika, kimya kirefu, halafu unaanza tena. Anita alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazi, mkoba begani.

"Dada, mbona anakoroma hivyo?"

"Kachoka. Wewe ukilala huwa unaimba?"

"Sitanii, Dada. Sikiliza."

"Nimesikia. Ana zamu saa kumi na moja. Ukimwamsha sasa, sare zake utafua wewe wiki nzima."

Akacheka, akavaa viatu, akaenda. Mwanangu, hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Anita alikuwa ameshausikia ukweli kwa masikio yake, na mimi mkubwa wake, niliyemfundisha kutembea, nikamfanya aucheke.

Saa kumi nilikwenda kumwamsha. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu na vidole vimepoa. Wahudumu wa gari la wagonjwa walifika upesi, wakahangaika naye pale sakafuni, na baadaye mmoja wao akaniuliza kama kuna mtu aliyemsikia akikoroma. Nikamwambia ndiyo, alikuwa amelala vizuri kabisa. Kijana yule akatazama zulia, akaanza kukusanya vifaa vyake.

Mfukoni mwa Prosper polisi walikuta kidonge cha buluu, mwenzake wa kile alichokuwa amekimeza. Mgongo ulikuwa umemuuma wiki kadhaa kwa kuinua mizigo, na mwenzake wa kazini alimgawia dawa. Sisi tulikulia katika kugawiana. Kukataa cha mwenzako ni kumtukana. Kidonge kilifanana kabisa na cha duka la dawa, lakini kilikuwa cha bandia, kimetiwa fentanili, sumu ambayo punje yake ndogo inatosha kumsahaulisha mtu kupumua. Polisi walituambia wanavijua vidonge hivyo. Vipimo vya baadaye vikathibitisha.

Lakini kabla ya mazishi alinijia Mzee Leonidas, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Warundi, mtu aliyetupokea uwanja wa ndege siku tulipofika.

"Mwanangu," akaniambia, "tutasema ni moyo."

"Moyo wake ulikuwa mzima, Mzee."

"Kila anayekufa moyo wake umesimama. Hutakuwa umedanganya."

Nikakubali. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na sisi waosha tulifunga midomo. Kanisani ikasomwa kwamba Prosper alichukuliwa ghafla na maradhi ya moyo. Waliobeba jeneza walikuwa vijana wa ghala lile lile, na hakuna aliyewaambia kitu. Tuliwapa wali na soda, tukawashukuru, tukawarudisha kazini.

Wiki ya tatu binamu yangu anayeishi Missouri City, karibu na Houston, alinichukua nikapumzike kwake. Jirani yake alikuwa muuguzi Mkenya, Mama Kerubo, mwanamke aliyekaribia kustaafu, ambaye siku zake za mapumziko alizunguka kwenye kumbi za makanisa akifundisha watu habari za sumu hii. Sikulijua hilo. Alikuja kunipa pole, akauliza kijana aliumwa nini. Nikasema moyo. Akauliza kama alikoroma kabla. Akauliza midomo ilikuwa ya rangi gani. Nilipomjibu, aliweka kikombe chini.

"Na nani amekuambia hiyo ni moyo?"

Nikamweleza habari ya kidonge na tulichosoma kanisani, kisha nikasema Mungu alimpenda zaidi.

"Wacha kumsingizia Mungu," akasema. "Huyo kijana aliuawa na kidonge. Wewe ulikuwa hujui, hiyo nimekusamehe. Lakini wale mliowadanganya pale kanisani, mnangoja nani amfuate?"

Nililia. Hakunibembeleza. Alikunja ngumi yangu, akaiweka juu ya mfupa wa kifua changu mwenyewe, akaisugua kwa nguvu mpaka nikapiga kelele.

"Hapo," akasema. "Mtu mzima aliyelala, ukimfanyia hivyo, ataamka na kukutukana. Asiyekutukana yuko njiani anaenda."

Kisha akatoa mkobani kichupa kidogo cha dawa ya kupuliza puani, kinachoweza kuvunja nguvu ya sumu ile, akanifundisha mpaka mikono yangu ikakijua. Kinauzwa dukani bila karatasi ya daktari. Sikulala vizuri siku hiyo, mwanangu. Kitu ambacho kingemrudisha ndugu yangu kilikuwa dukani, barabara ile ile ninayonunulia maharage, na hakuna aliyewahi kutuambia kwa lugha tunayoielewa. Na sisi, tulipopata nafasi ya kuambiana, tukasema moyo.

Siku ya arobaini tulikusanyika ukumbini baada ya misa. Mzee Leonidas alinipa nafasi nishukuru watu. Nikashukuru. Kisha nikasema Prosper hakufa kwa moyo, nikasema kilichomuua, nikaeleza alivyokoroma na nilivyomfunika blanketi. Mama mmoja akashika kinywa. Mzee Leonidas akasimama.

"Dada, unamwaibisha marehemu."

"Marehemu hana aibu tena, Mzee. Wenye aibu ni mimi na wewe."

Akachukua kofia yake akatoka, na mpaka leo tukikutana hanisalimii. Simchukii. Ila simtafuti.

Watu walipoanza kuondoka, mmoja wa wale waliobeba jeneza alikuja karibu yangu, anaangalia viatu vyake.

"Dada, ulisema vya buluu?"

"Vya buluu."

"Mimi nilipewa siku ile ile aliyopewa yeye. Kipo kwenye gari. Nilikuwa nakiweka mpaka mgongo uzidi."

Tulikwenda pamoja mpaka garini, na sikumwacha mpaka kidonge kile kilipokuwa mikononi mwa polisi. Kilikuwa kimekaa humo siku arobaini kwa sababu mimi nilikubali neno moja la uongo. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo, lakini mara nyingi kifo hicho si chake. Ni cha mwenzake.

Sasa nazunguka na Anita, Dallas na Fort Worth, na Mama Kerubo akituita tunashuka Houston. Kuna kumbi zinazotufungia mlango. Kuna wazazi wenye nyumba nzuri kule Katy, pembeni ya Houston, wanaosema watoto wao wanasoma, hawahusiki. Nina hasira na waliotengeneza vidonge vile, na nina hasira na tabasamu la wazazi hao. Mama mmoja aliniuliza itakuwaje amwamshe mwanawe na mtoto amchukie. Nikamwambia atakuchukia akiwa hai.

Mwanangu, shika haya. Kidonge ambacho hukupewa na mwenye duka la dawa kwa jina lako, usikimeze, hata nusu, hata kama anayekugawia anakupenda, kwa sababu naye hajui alichopewa. Ukimsikia mtu anakoroma kwa maji, na pumzi inakatika, mwamshe. Mwite kwa jina, msugue kifua. Asipojibu, piga simu ya dharura, mpulizie dawa puani, mlaze ubavu, na usikimbie. Asipoamka baada ya dakika chache mpulizie nyingine, na akiamka kaa naye mpaka msaada ufike, kwa maana dawa huisha nguvu na sumu ikarudi. Kama alikuwa amelala tu, dawa ile haitamdhuru, wala matusi yake hayatakudhuru wewe. Na ukizika, sema kilichoua.

Methali ile wazee walituachia kwa nia njema, nami naliheshimu kaburi lake. Usiifufue.

Mungu akufungulie mapafu yako kila asubuhi. Akupe usingizi mtamu baada ya kazi, na akuweke siku zote kati ya watu watakaothubutu kukuamsha.