Mji wa Ani katika Depo ya Baba

Wakati wa vita ya pili ya nchi yetu, wanajeshi walichukua shule yetu ya Butembo. Walilala katika madarasa, wakawasha madawati kama kuni, na sisi wa mwaka wa sita wa sekondari tukaambiwa turudi nyumbani tungoje. Mwalimu wetu wa historia hakungoja. Alikuwa mama mjane, Mprotestanti wa Luofu, mwenye sauti ndogo ambayo ilikulazimisha unyamaze ili umsikie. Sisi tulimwita Prof. Alikuwa ameukimbia mji wake na sufuria moja, blanketi, na kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, kinachozungumzia miji ya zamani.

Siku ya tatu tangu shule ifungwe, alifika kwetu. Baba yangu ni Mwislamu, na kazi yake ilikuwa kusafirisha mizigo kati ya Butembo, Beni na Kasindi. Vita ilipozidi, malori yalisimama, na depo yake ikabaki karibu tupu. Prof alisimama mlangoni bila kuingia.

“Papa, nasikia depo yako iko na nafasi.”

“Nafasi iko,” baba akajibu. “Na harufu ya samaki ya Kyavinyonge iko pia. Utaiweza?”

“Batoto banaweza. Mimi nitazoea.”

Baba akacheka na kumpa ufunguo. Kesho yake tulikuwa wanafunzi ishirini na watatu tumekaa juu ya magunia, tukinuka chumvi ya samaki hadi kwenye nywele, na Prof ameandika neno moja kwa chaki kwenye mlango wa chuma: ANI.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilidhani ni jina la mtu.

Prof alisema ni mji. Karibu miaka elfu moja iliyopita, Waarmenia, watu wa milima iliyo mbali sana upande wa kaskazini, waliufanya kuwa makao makuu ya mfalme wao. Hawakuwa taifa kubwa. Walikaa katikati ya madola makubwa yaliyowabana pande zote, na bado walijenga mji ambao wasafiri walisema una makanisa elfu na moja.

“Elfu na moja, Prof?” mmoja wetu akauliza. “Ni kweli?”

“Hapana. Lakini kwa mutu kuongopa vile, lazima aone mingi.”

Katika programu ya masomo ya serikali, Ani haikuwa hata na mstari mzima. Tulimwambia hivyo, maana tuliogopa mtihani wa taifa. Alitujibu kwamba ya mtihani atatufundisha asubuhi. Mchana ungekuwa wa Ani. Alipoona tunanung'unika, aliongeza: “Vita munaiona kila siku. Mimi nataka muone namna muji inajengwa.”

Kitabu chake kilikuwa na ramani moja tu ya mji ule, na hakuna picha. Hatukuweza kupitishiana kile kitabu, kurasa zake zilikuwa zinatoka. Basi Prof akaamua tuujenge mji wenyewe, chini, kwenye sakafu ya depo. Udongo tuliuchukua bondeni, kwa watu wanaochoma matofali. Tuliubeba kwa mabeseni kichwani, na njiani watu walituuliza kama tunajenga nyumba.

Sijasahau kazi ile. Kwanza tulitengeneza uwanda wa juu wenye pembe tatu, na pande zake mbili tukachimba mabonde yenye mto chini. Upande wa tatu, ulio wazi, mfalme mmoja alijenga ukuta mara mbili, ukuta mbele ya ukuta, wenye minara ya duara. Juu ya mlango mkubwa kulichongwa simba. Simba wetu alifanana na mbuzi, lakini hakuna aliyethubutu kumgusa tena. Kwenye kuta za mabonde tulitoboa mashimo kwa vidole, kwa sababu kule watu wengi waliishi katika mapango, na mji ulikuwa na watu juu na chini yake.

Kanisa kuu alinipa mimi. Alinisomea maelezo yake mara nne, nami nikalijenga mara nne. Nguzo zake zilikuwa nyembamba, zimefungwa pamoja kama mabua, zikipanda hadi juu bila kukatika. Fundi aliyelichora alikuwa hodari kiasi kwamba kuba ya kanisa kubwa la Konstantinopoli ilipopasuka kwa tetemeko, waliitwa mafundi wengi, na mwishowe wakamwita yeye, Mwarmenia, akaitengeneze.

“Alitoka kwa batu badogo,” Prof alisema, “na bakubwa bakamuita.”

Baba alianza kuja mchana. Alisema anakuja kuangalia panya. Alisimama nyuma yetu, mikono mgongoni, na siku moja akashindwa kujizuia.

“Mwalimu, muji kubwa hivi, inakula nini? Barabara yake iko wapi?”

Prof akafurahi kama mtu aliyengojea swali hilo. Alimwonyesha daraja la upinde mmoja juu ya mto, ambako misafara ya hariri na viungo ilipita ikitoka mashariki kwenda baharini. Alimwonyesha maduka kando ya njia kuu. Halafu akamwonyesha ukingo wa bonde.

“Na hapa, papa, kisha Waislamu kuingia, bakajenga muskiti. Mawe yake nyekundu na nyeusi. Iko inasimama mpaka leo.”

Baba alichuchumaa, akauangalia mnara wa udongo uliokuwa mrefu kama kidole chake. Kesho yake alileta vumbi la matofali na la makaa, akachanganya na maji, akaupaka rangi msikiti ule mwenyewe. Alipomaliza, alipaka na kanisa langu.

Mji ulikuwa karibu kukamilika wanajeshi walipokuja. Mtu alikuwa amewaambia kwamba katika depo ya Mwislamu kuna watu wanaofundishwa ramani ya vita. Waliingia wanne na kamanda wao, saa nane mchana, jua limejaa mlangoni. Kamanda aliangalia ukuta, minara, mito miwili, njia za kupanda kutoka bondeni. Uso wake ukabadilika.

“Hii ni muji gani? Ni Beni?”

“Ni Ani, afande,” Prof akasema. “Ni somo ya historia.”

“Somo na minara ya bunduki?”

“Wakati ule bunduki haikuwako.”

“Kama ni somo, batoto banajua.” Akaninyooshea fimbo. “Wewe. Elezea.”

Nilimwona baba anafika mlangoni, akazuiwa na mwanajeshi. Nikaanza kusema, na sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilikuwa ile ndogo ya Prof. Nilieleza namna wafalme walivyoufanya mji mkuu, namna walivyojenga, namna biashara ilivyowatajirisha. Kisha nikafika kwenye kuanguka. Nilieleza kwamba mfalme wao wa mwisho alikuwa kijana. Mkubwa wa Konstantinopoli alimwita kama mgeni, na alipofika akamzuia asirudi. Jeshi lake la Wagiriki lilikuwa limejaribu kuuchukua mji likashindwa na ule ukuta.

“Basi waliingia namna gani?” kamanda akauliza.

“Wakubwa wa mji walitoa funguo, afande.”

Mmoja wa wanajeshi akacheka kidogo, akaacha.

Nikaendelea. Haikupita hata miaka ishirini, Waturuki wakaja, wakauzunguka, wakauingia, na wengi wakauawa. Lakini mji haukufa siku ile. Watawala wengine walikuja, wengine Waislamu, wengine Wakristo, masoko yakafunguliwa tena, kanisa kuu likawa msikiti, kisha likarudi kuwa kanisa. Wamongoli wakaja. Tetemeko likaangusha kuba. Na misafara ikapata njia nyingine.

“Njia ilipohama, watu wakahama,” nikasema. “Mwishowe walibaki wachungaji na kondoo zao.”

Kamanda alikuwa amechuchumaa bila sisi kutambua. Aligusa ukuta kwa fimbo. “Mimi ningeweka batu hapa,” akasema. Mwanajeshi wake akabisha, akasema adui angepanda kupitia bonde, na kwa dakika chache wale wawili walishindana juu ya namna ya kuutetea mji ambao asubuhi hawakujua kama upo. Sisi tuliangaliana.

Halafu akakumbuka yeye ni nani. Alisimama, akajipangusa magoti.

“Muvunje ukuta. Sitaki kuona minara hapa. Makanisa ibaki.”

“Na muskiti?” baba akauliza kutoka mlangoni.

“Muskiti pia ibaki.”

Prof ndiye aliyepiga magoti wa kwanza. Alivunja kwa mikono, polepole, bila kulia, nasi tukamfuata. Simba wetu alivunjika vipande viwili. Walipokuwa wanatoka, kamanda alikiona kitabu juu ya gunia, akakichukua.

“Afande, ni kimoja tu,” Prof alisema.

“Nitasoma.”

Hatukukiona tena, wala yeye. Inawezekana alikisoma. Napenda kuamini hivyo.

Nilifikiri kesho yake Prof hatakuja. Alikuja mapema kuliko sisi. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa amenunua daftari kubwa, na aliliweka mikononi mwangu. “Kitabu kimekwenda, lakini kiko katika vichwa yenu. Kila mutu aandike chenye anakumbuka.” Kwa wiki mbili tuliandika. Kijana mmoja alikumbuka mabonde, mwingine daraja, mimi kanisa. Pale tulipopingana, tulibishana hadi tukakubaliana, na pale tuliposhindwa, Prof aliandika kwa kalamu nyekundu: *hatujui*. Baba aliomba aandike ukurasa wa misafara. Aliuandika kwa mwandiko wake wa kuandikia magunia, herufi kubwa kubwa, na ndio ukurasa ninaoupenda kuliko yote.

Katika mtihani wa taifa hakuna aliyetuuliza juu ya Ani. Wengi wetu tulifaulu hata hivyo. Mimi nilisoma ualimu, na leo nafundisha historia Beni, mji ambao nao umezika watu wengi na kila asubuhi unafungua maduka yake.

Miaka mingi baadaye, simu yenye intaneti ilipofika mikononi mwangu, niliandika lile jina. Picha zikaja. Kanisa langu lilikuwa pale, bila kuba, jekundu katikati ya majani, na nguzo zake kweli zilikuwa kama mabua. Nilipanda gari hadi Butembo siku ileile. Prof alikuwa amezeeka, anaishi na binti yake nyuma ya soko, na macho yake yalimsumbua. Nilimkuzia picha, akaishika simu karibu kabisa na uso. Midomo yake ilitembea kama anayehesabu nguzo.

“Wasingya,” akaniambia, akinishukuru kwa Kinande. Kisha: “Tuliifanya kadogo sana.”

Akaniomba nimtafutie picha ya ndani ya kanisa.