Runinga Mbili Kwenye Banda la Novatus

Nakumbuka vizuri waliokuwemo siku ile kwenye banda la gemu pale Nyabiyonza: Novatus, mwenye banda, akilinda jenereta lake, mdogo wangu Projestus, kitinda mimba wetu Adventina, mimi, dada yao mkubwa, niliyeacha shule darasa la sita wazazi wetu walipofariki, na Shangazi, aliyetoka Kimuli kuja kumchukua Adventina akamlee yeye. Aliniona mdogo mno kulea mtu.

Nilijua anakuja, nikawakimbizia watoto bandani. Alitufuata, akaitikia shikamoo zetu, akaketi kwenye benchi.

Enzi zetu, wenzangu, gemu zilitofautiana kwelikweli. Runinga ya kushoto ilikuwa na ya Kizungu: nchi pana, farasi, ramani na Kiingereza kingi. Unaachiwa kama ng'ombe aliyefunguliwa zizini, ujitafutie malisho. Projestus aliipenda mno. Alikuwa anapanda mlima usio na faida yoyote, akishuka uso unang'aa kama ametoka harusini. Mimi Kiingereza kilinishinda, nikazurura hadi nikachoka.

Ya kulia ilikuwa ya Kijapani, na maandishi yake hakuna aliyeyajua Karagwe nzima. Haikuhitaji kusomwa: ni kukirusha kidude juu ya mashimo tu. Shimo la kwanza lilikuwa dogo, ukianguka unasimama palepale. La pili pana kidogo. La tatu lina miiba, lakini ukilifikia mkono umeshajua. Aliyeitengeneza alimfikiria mtu kama mimi, akampangia njia moja, hatua kwa hatua. Ndivyo bibi alivyonifundisha kumenya ndizi: kisu butu kwanza, kikali baadaye, maneno hakuna.

Siku ile pedi ya kuchezea gemu ya Kijapani aliishika Adventina. Akaanguka. Akaanguka tena. Novatus akamtania kwamba mkono huo ni wa kuchumia kahawa, ampe dada yake. Nilikataa kuipokea. Nilisogea tu karibu, nikangoja. Alipovuka hatimaye, alinitazama mimi kabla ya kutazama runinga.

"Mbona hukumshikia?" Shangazi akauliza.

"Ningevuka mimi, Shangazi, siyo yeye."

Akajifunga kitenge vizuri. "Basi abaki kwako. Ila mtakuja kuniambia kile kidude kinachorukaruka kiliishia wapi."

Hatukufika mwisho. Novatus hakuwa na kadi ya kuhifadhi mahali tulipofikia, kwa hiyo jenereta likizimika, kesho ni shimo la kwanza tena. Halafu banda likafungwa.

Watoto wa sasa simu inawaonyesha kwa mshale pa kukanyaga; wakianguka wanatazama tangazo, wanafufuka. Wajapani nao siku hizi wanatengeneza nchi pana, Wazungu wanapanga mashimo, wameigana. Mimi nashukuru nilizikuta zikiwa mbali mbali, maana nililea kwa zote mbili. Projestus nilimwachia malisho, leo anaendesha lori hadi ng'ambo ya mpaka. Adventina nilimpangia mashimo madogo, leo anafundisha chekechea, na anajua kungoja.

Ameipata gemu ile ya Kijapani kwenye kompyuta yake. Jumapili tukitoka kanisani tunacheza, na ngome ya mwisho imetushinda. Shangazi macho yamefifia, lakini kila nikifika Kimuli anauliza. Juzi nilimjibu tena: bado, Shangazi, jibu lako tunadaiwa.