Daktari Yuko Kazini

Jina la Daktari nilimpa mimi. Nalisema mapema ili msije mkamlaumu mama yake, ambaye ni dada yangu na ana lawama zake nyingine za kumtosha.

Binti huyo alikuwa na miaka sita. Mimi ni fundi viatu, nafanyia kazi barazani kwetu, na siku hiyo sindano ya kushonea ilinichoma kidole gumba ikatokea upande wa pili. Watu wazima wakapiga kelele. Mtoto akaokota kipande cha bitana, akanifunga, akakaza fundo kwa meno, kisha akanionya, "Mjomba, usiloweshe siku tatu." Nikacheka huku machozi yananitoka. Nikamwambia, "Ahsante, Daktari." Basi, jina likamganda kama gundi ya soli. Shuleni Daktari, dukani Daktari, na wapangaji wote wa nyumba yetu, vyumba sita vinavyotazamana uani, hawakumjua kwa jingine. Jina alilopewa na bibi yake likabaki kwenye vyeti na karatasi za matokeo.

Mtoto ukimwita daktari miaka kumi na mitano, unategemea afanye nini? Hakuna aliyemuuliza. Mara ya kwanza alipofanya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, alikosa kwa alama nne. Mara ya pili alikosa kwa alama kumi na moja. Na mtihani wenyewe mtu anaruhusiwa mara tatu tu, hakuna ya nne.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," dada yangu akamwambia.

"Mama, koleo limevunjika mara mbili. Sasa hivi nafua chuma kwa vidole."

Tukacheka wote. Mimi nilicheka zaidi.

Akapata kazi kwenye duka la fotokopi. Kutwa nzima anatoa nakala za vyeti vya wenzake waliofaulu, anawabania kwa pini, anawatakia kila la heri. Fomu za mtihani zilipotoka, zilipita mikononi mwake kwa mafungu. Moja akaileta nyumbani, akaiweka juu ya kabati la vyombo chini ya chupa ya chai. Mwisho wa kuirudisha ulikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi alasiri. Dada yangu akipita anaitazama. Mimi nikipita naitazama. Mwenyewe akitaka chai anainua chupa, anamimina, anairudisha palepale kama vile chini yake hakuna kitu.

"Daktari, unajaza lini?" nikamchokoza.

"Kwani Mjomba una haraka ya kutibiwa?"

Sasa nimefika mahali nisipopenda kufika.

Chumba cha mwisho kilikuwa na wapangaji wapya, fundi cherehani na mkewe, hawajatimiza hata wiki mbili. Fundi alikuwa mtu mpole mwenye mikono myepesi. Aliwahi kunishonea ukosi wa shati nikiwa nimelivaa na asinichome. Siku hiyo, saa sita mchana, nilikuwa nagongea soli. Fundi viatu akigongea soli, misumari huiweka mdomoni, anaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja. Mke wa fundi akaja akasimama mbele yangu.

"Kaka, samahani. Daktari yupo?"

Sikuinua hata macho. Kila mtu uani humtafuta yule binti, huyu anataka kuazima pasi, yule anataka kusomewa barua. Nikamjibu na misumari yangu mdomoni, "Daktari yuko kazini. Atarudi saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja?"

"Hakosi."

Akanishukuru, akarudi chumbani kwake. Mimi nikaendelea kugonga.

Saa kumi na moja ilipopita kidogo, binti akaingia uani na mkoba wake begani. Mke wa fundi akamrukia. "Afadhali umefika, Daktari! Mume wangu tangu mchana mkono haumsikii, na maneno yanamgongana mdomoni. Mwenyewe alisema kaulalia vibaya. Nimemlaza akusubiri."

Nilisikia kila neno. Misumari nikaitema kiganjani.

Binti hakusema kwamba yeye si daktari. Aliingia chumbani, akamtazama fundi usoni, akamwambia, "Cheka kidogo, Baba." Mdomo ukapanda upande mmoja, wa pili ukabaki chini. Akatoka uso umemshuka. "Mjomba, teksi! Sasa hivi! Ni kiharusi."

Hospitali tulipokewa na daktari wa kweli, mwenye koti na haraka zake. Akauliza ilianza saa ngapi. Tukamwambia saa sita. Akaitazama saa ya ukutani, akatutazama sisi. "Na muda wote huo mlikuwa wapi?"

Mke wa fundi akajibu, bila ubaya wowote, "Tulikuwa tunamsubiri daktari."

Fundi hakufa. Baada ya siku nane alirudi nyumbani anaburuta mguu, na mkono wa kulia, mkono wa mkasi, unaning'inia tu. Walituambia kwamba tungewahi, pengine wangefanya zaidi. Wanasema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu, na hapo ndipo palipouma. Nilikwenda kumwomba radhi mkewe. Akaniambia, "Kaka, mbona ulisema kweli? Ulisema saa kumi na moja, na saa kumi na moja alirudi." Bora angenitukana.

Binti aliitoa fomu chini ya chupa, akaitia kwenye droo ya visu. "Sifanyi," akasema.

"Mwanangu, ndiyo nafasi ya mwisho hiyo," dada yangu akambembeleza. "Mtaa mzima unakujua Daktari."

"Na ndivyo mtaa ulivyomponza fundi! Mtu kalala saa tano nzima ananisubiri mimi. Mimi, Mama! Mtoa fotokopi!"

Dada yangu akalia. Mimi, ambaye kwa kawaida sinyamazi mpaka uniombe, nikarudi kwenye soli zangu. Siku nzima iliyofuatia sikumtania mtu, hata wateja wakadhani naumwa.

Lakini kila jioni akitoka kazini, binti alipitiliza hadi chumba cha mwisho. Hospitali walikuwa wameonyesha namna ya kuunyoosha ule mkono, kidole baada ya kidole, na mkewe alikuwa anaogopa kumuumiza. Basi binti akakunja soksi ikawa mpira, akaitia kiganjani mwa fundi. "Binya." Hakuna. "Binya tena." Hakuna. Kesho yake hivyohivyo. Mimi niko barazani nawasikia, na kila "binya" inanigonga mimi.

Alhamisi, siku moja kabla ya fomu kufungwa, alitoka kule akaingia ndani, akarudi na kitabu chake cha zamani, akakaa kwenye benchi langu la wateja.

"Mjomba, mke wa fundi kaniuliza kwa nini umekufa upande wa kulia tu. Na kwa nini maneno nayo yamepotea. Nikashindwa kumjibu."

"Kwani wewe ungejuaje?"

"Ndiyo hilo. Nilikuwa najua." Akafungua kitabu, akanionyesha ukurasa umepigwa mistari myekundu. "Upande wa kushoto wa ubongo unatawala upande wa kulia wa mwili. Na maneno kwa watu wengi yanakaa hukohuko kushoto. Swali hili lilikuja kwenye mtihani, nikalipata. Nimelisema kama kasuku miaka miwili, Mjomba, na sikuwahi kujua kwamba ni habari ya mtu."

Nikaweka nyundo chini. Nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza siku nyingi. "Mama yako muweke kando. Mtaa uweke kando, na mimi na mdomo wangu tuweke kando. Wewe mwenyewe unautaka huo udaktari?"

Akakifunga kitabu. Nilidhani nimemuudhi.

"Nilikuwa sijui kama nautaka au nimeuzoea," akasema. "Sasa nautaka. Na naogopa. Zile mara mbili nilianguka mtihani wenu. Huu nikianguka, ni wangu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo najaza. Lakini nina sharti. Hakuna kuniita Daktari. Si wewe, si Mama, si mtu yeyote humu uani. Hata nikifaulu. Mpaka siku chuo chenyewe kitakaponipa jina hilo."

Nikaapa. Dada yangu akaapa. Nikapita mlango kwa mlango nikawaapisha wapangaji wote, na kwenye chumba cha mwisho mke wa fundi akaniuliza, "Sasa tumwite nani?" Nikafungua mdomo nimwambie, nikajikuta nasita. Ilibidi nifikiri kwanza. Niliona aibu ambayo siwezi kuieleza.

Ijumaa akaomba ruhusa kazini, akajaza fomu kwa mwandiko wa kutulia, akaitia kwenye bahasha, akaondoka saa nane. Nikaingia ndani kumimina chai. Nikainua chupa, na chini yake nikakuta nakala ya cheti chake, ya kuambatanisha na fomu. Mtoa fotokopi kasahau fotokopi yake mwenyewe!

Nikatoka mbio na aproni yangu, kiatu cha mteja mkononi. Alikwishavuka barabara, anakaribia kukata kona.

"Dak—" Nikajiuma ulimi.

Nikamwita kwa jina lake. Miaka kumi na mitano sikuwahi kulitamka, likatoka limekwaruza. Hakugeuka. Nikalirudia kwa nguvu. Akaendelea kwenda, hakuona kuwa anaitwa yeye. Mara ya tatu nililipiga kelele mpaka watu wakasimama, na yeye akasimama. Akageuka taratibu, macho yamemtoka, kama mtu anayesomewa matokeo.

Akaniona mimi, na aproni, na kiatu, na karatasi. Akarudi hadi nilipokuwa nahema.

"Umeniitaje, Mjomba?"

"Jina lako."

Akapokea karatasi, akalitazama jina lilivyoandikwa pale juu, akaikunja akaitia kwenye bahasha.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.